Ujumbe wa Simu: Soma, Uliza, Ndipo Utume

Zamani habari zilifika kijijini kwa msafiri au kwa barua. Mtu asiyejua kusoma alimpa mwenzake barua amsomee. Hivyo siri yake ilijulikana. Siku hizi habari nyingi hufika kwa simu. Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kusoma ujumbe wako mwenyewe. Hayo ni matunda ya kisomo.

Lakini kujua kusoma peke yake hakutoshi. Maneno yaliyoandikwa yanaweza kuwa ya kweli. Yanaweza pia kuwa ya uongo. Msomaji mzuri husoma, kisha huuliza.

Mitandao ya kijamii ni nini?

Simu janja ni simu inayoweza kuingia katika intaneti. Kwa simu hiyo watu walio mbali huandikiana, huzungumza na kupelekeana picha. Huweza pia kuunda kikundi. Mmoja akiandika neno, wote huliona. Njia hizi za kuzungumza huitwa mitandao ya kijamii. Miongoni mwake ni Facebook, iliyoanza mwaka 2004, na WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009.

Faida zake

Mkulima anaweza kumwuliza ndugu yake wa mjini bei ya gunia la mahindi kabla mnunuzi hajafika. Akiijua bei, si rahisi kupunjwa. Akiona wadudu shambani, anaweza kupiga picha ya jani na kumpelekea bwana shamba. Ukitokea msiba, jamaa wa mbali hupata habari siku hiyo hiyo.

Mitandao imeokoa hata maisha. Mwezi wa Agosti 2018 mafuriko makubwa yalitokea Kerala, jimbo la kusini mwa India. Watu waliozingirwa na maji waliandika kwa simu mahali walipo, wakaomba msaada. Wenzao walizifikisha habari hizo kwa waokoaji. Wavuvi walileta mashua zao kutoka pwani, wakaokoa watu wengi.

Hatari zake

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, katika nchi hiyo hiyo ya India, simu zilileta maafa. Ulienea ujumbe kwamba kuna watu wanaoiba watoto. Ilienea pia video ya watu juu ya pikipiki wakimnyakua mtoto. Video hiyo ilitengenezwa Karachi, katika nchi ya Pakistani. Ilikuwa ya kuwafundisha wazazi kuwalinda watoto wao. Mwisho wake mtoto alirudishwa. Lakini mwisho huo ulikatwa, na video ikatembea kama jambo la kweli.

Tarehe 1 Julai 2018 wanaume watano walifika katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra. Walikuwa watu wa kuhamahama, nao waliishi kwa kuomba sadaka. Watu wakadhani kwamba ni wezi wa watoto. Wakawapiga mpaka wote watano wakafa. Kumbe hawakuwa wezi.

Huenda wengi waliopeleka ujumbe ule walitaka tu kuwaonya wenzao. Walikuwa na nia njema, lakini hawakuuliza. Baada ya mauaji hayo na mengine, WhatsApp iliweka mpaka India. Mtu hakuweza tena kupeleka mbele ujumbe mmoja kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja. Januari 2019 mpaka huo uliwekwa duniani kote.

Wako pia matapeli wanaotafuta fedha. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Siku moja mtunza hazina alipata ujumbe wenye jina na picha ya mwenyekiti wao. Ujumbe ulisema: "Dada, nimekwama mjini. Ile pesa ya mbegu itume kwenye namba hii sasa hivi."

Mtunza hazina akamwonyesha katibu. "Ni yeye," alisema. "Picha yake hii hapa."

"Sauti yake umeisikia?" katibu akauliza.

"Bado."

"Basi mpigie kwanza kwa namba yake ya siku zote."

Wakapiga. Mwenyekiti akajibu, "Mimi niko shambani, dada zangu. Sijaandika kitu. Ila jana mtu alinipigia, akaniomba namba sita zilizoingia kwenye simu yangu. Nikampa."

Kwa namba zile sita, tapeli aliiteka WhatsApp ya mwenyekiti, akaandika kwa jina lake. Fedha za kikundi zilipona kwa sababu mtu mmoja aliuliza.

Mambo ya kukumbuka

1. Ukiombwa fedha kwa ujumbe, mpigie mhusika umsikie. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" ni mtego wa siku nyingi.

2. Usimtajie mtu namba yako ya siri ya fedha, wala namba zinazoletwa kwenye simu yako kwa ujumbe.

3. Ukiona picha ya kutisha, jiulize: Imepigwa wapi? Lini? Nani aliyeileta?

4. Habari ya ugonjwa au dawa, waulize wauguzi wa zahanati. Habari ya wizi au hatari, mwulize mwenyekiti wa kijiji au polisi. Usiipeleke mbele kabla ya kujua.

5. Katika Tanzania, ujumbe wa utapeli unaweza kuupeleka kwa namba 15040. Tena, kueneza uongo kwa makusudi ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Jembe hulima shamba, lakini likishikwa vibaya huweza kukata mguu wa mkulima. Simu nayo ni hivyo. Watu wa Kerala waliokolewa kwa simu, na watu watano wa Rainpada waliuawa kwa uongo uliopita katika simu. Kabla ya kutuma ujumbe, uliza.

Maswali ya kujadili

1. Simu imeleta faida gani katika kijiji chenu?

2. Kwa nini watu wa Rainpada waliamini habari ya uongo?

3. Katibu wa kikundi alifanya nini kuokoa fedha?

4. Ukiletewa habari usiyoijua ukweli wake, utamwuliza nani hapa kijijini?