Heshima Si Utumwa

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtu mwenye adabu ni yule asiyebisha. Mtoto akinyamaza husifiwa, mke akinyamaza husifiwa, kibarua akipunjwa ujira wake, akaenda zake bila neno, watu husema, "Huyu ni mpole." Hatukatai kwamba kimya kina mahali pake. Lakini yafaa tujiulize: je, kila anyamazaye hunyamaza kwa upole? Twaona wengi hunyamaza kwa hofu, na hofu si fadhila. Wahenga walikwisha kulipambanua jambo hili waliponena kwamba heshima si utumwa.

Tutazame kisa kimoja cha kweli cha hapa kwetu Tanzania. Wilayani Muleba, katika mkoa wa Kagera, alikuwako mama aliyeachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia halali. Alipoona uzee umemfikia, wala hana wa kumtunza, mwezi wa Agosti mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mara jamaa yake mmoja akafungua daawa katika Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba mauzo hayo ni batili. Naye alikuwa na tegemeo, maana kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke wa Kihaya kulitumia shamba la ukoo, lakini zilimkataza kuliuza. Mwanamume hakuwekewa katazo kama hilo.

Mahakama ya Mwanzo ikampa haki yule jamaa. Hapo ndipo wengi wangalisema, "Ndiyo mila, tufanyeje?" Lakini shauri likapelekwa kwa rufani Mahakama ya Wilaya, na mama akashinda. Mpinzani wake naye akakata rufani, hata shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984 haziruhusu ubaguzi huo, na kwamba mwanamke aweza kuuza shamba la ukoo sawasawa na mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Haki haikupatikana kwa matusi wala kwa panga, bali kwa kusema mahali panapopasa, na kusema tena.

Basi mtu ajifunzeje kujitetea? Kwanza, aijue haki yake. Asiyejua walipatana nini hawezi kudai. Mapatano ya kazi, ya shamba au ya mkopo yaandikwe, na mashahidi wawepo.

Pili, aseme mapema, kwa maneno machache, pasipo kutukana. Kibarua amwambiaye tajiri wake, "Wewe ni mwizi," atajibiwa juu ya tusi, na ujira utasahauliwa. Bali akisema, "Bwana, tulipatana siku sita, nami nimelipwa tano; naomba ujira wa siku iliyobaki," tajiri hana pa kukimbilia. Akizungushwa, ayarudie maneno yale yale kwa sauti ile ile. Ukali na uthabiti si kitu kimoja.

Tatu, apande ngazi kwa ngazi: wazee wa jamaa, baraza, kisha mahakama. Na penye kipigo au vitisho, asiende peke yake wala asingoje. Atafute msaada upesi. Kuomba msaada ni njia mojawapo ya kujitetea.

Wako wadhanio kwamba upole wa Kikristo ni kukubali kila jambo. Wakumbuke kwamba Yesu alipopigwa kofi mbele ya Anasi, hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alimwuliza yule mtumishi sababu ya kumpiga.

Lakini shule ya kwanza ya mambo haya ni nyumbani, nasi wazazi ndio walimu. Mtoto apigwaye kofi kila aulizapo "kwa nini", atawezaje kumkatalia mtu mzima amwitaye gizani? Binti asiyesikilizwa mezani kwa baba yake, nani atamfundisha kusema "hapana" mbele ya mwajiri mwovu? Hatusemi watoto wawatawale wazazi. Twasema mtoto apewe nafasi ya kueleza neno lake kwa adabu, asikilizwe hata mwisho, ndipo mzazi aamue na kutoa sababu. Akikataa kushikwa na mtu, hata akiwa rafiki wa nyumba, asilazimishwe kwa ajili ya kumfurahisha mgeni.

Tena, ajifunzaye kudai haki yake hana budi kusikiliza mwingine adaipo yake. Baba ajuaye kujitetea kazini, lakini nyumbani hataki kuulizwa, bado hajajifunza.

Husemwa, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Ni kweli, lakini mara nyingi anayeishika haki hiyo hataitoa mpaka aombwe. Basi tuwafundishe watu wa nyumba zetu kuiomba wakiwa wamesimama wima, kwa maneno safi, pasipo kutetemeka.