Kuuliza Kabla ya Kuhubiri

Wako wahubiri ambao wasikilizaji wao husinzia kabla utangulizi haujakwisha, nao husingizia ugumu wa mioyo ya watu. Mara nyingi kosa ni la msemaji: anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tutazame mlima Safa, Makka. Mtume Muhammad s.a.w. alipoamriwa kuwaonya jamaa zake wa karibu, alipanda juu akaziita koo za Makureshi kwa majina yao. Asiyeweza kufika alimtuma mtu akatazame kuna nini. Hakuanza na mafundisho. Aliwauliza, je, kama angewaambia kwamba bondeni kuna wapanda farasi wanaotaka kuwashambulia, wangemsadiki? Wakakiri kwamba wangemsadiki, maana hawakupata kumjua ila kwa ukweli. Ndipo akatoa onyo lake. Abu Lahab alimlaani papo hapo, kwani kusikiliza si kukubali. Lakini alikuwa amekwisha kusikia.

Na huko Mina, mwaka wa 10 wa Hijra (632), aliuliza leo ni siku gani. Watu wakanyamaza wakidhani ataipa jina jipya. Akauliza mwezi, akauliza mji. Baada ya kimya kile ndipo akawaambia kwamba damu, mali na heshima zao ni vitakatifu kama siku ile.

Basi, ndugu uliyesilimu karibuni, wazee wako wakikuita uwaeleze dini uliyoiingia, usiwasomee orodha ya makosa yao. Waulize kwanza wamekujuaje tangu utotoni, kisha ungoje jibu. Likiwa si jema, hotuba yako na isubiri.