Jumatatu: Sadaka na Picha ya Mtoto
Soma 2 Wakorintho 8:1–5, 18–21. Ndugu aliyechaguliwa na makanisa alisafiri na Paulo kuipeleka sadaka ya Yerusalemu, mtu asije akamlaumu kwa habari ya fedha.

Mwaka 1950 mwinjilisti Mmarekani Bob Pierce alianzisha World Vision. Alionyesha makanisani filamu za mateso ya Korea, na kuanzia 1953 wafadhili walitoa mchango wa kila mwezi kwa ajili ya yatima wa huko. Watoto walikula, hilo si jambo dogo. Lakini picha ya mtoto mwenye njaa hugusa mioyo upesi kuliko ya aliyeshiba, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Paulo alisifu ukarimu wa Wamakedonia maskini. Njaa ya Yerusalemu hakuichora.

Kama picha hiyo ingekuwa ya mtoto wako, ungekubali ionyeshwe kanisani?