Kabla Hujamfokea Mtoto kwa Mwandiko Wake

Saa moja jioni, mtaa wa Muthurwa, Nairobi. Mama ametoka sokoni, sufuria iko jikoni, na mtoto wa Gredi 3 amelala kifudifudi kitandani akifanya kazi ya nyumbani. Fungua daftari: herufi zinapanda na kushuka, maneno yameshikana, karatasi imetoboka kwa kufutwafutwa. Neno la kwanza linalotutoka wazazi ni "mvivu". Nakusihi, liache hilo neno. Kuandika "nywele" tu kunahitaji macho, sikio, bega, vidole na kumbukumbu kwa pamoja, na mwandiko mbovu mara nyingi hukuonyesha ni kipi kati ya hivyo kinachomlemea. Jifunze kuusoma.

1. Anza na umri.
Mtoto wa miaka mitatu hushika penseli kwa ngumi au kwa vidole vyote, na hana kosa. Wengi hufikia mshiko wa vidole vitatu, yaani gumba, cha shahada na cha kati, wakiwa kati ya miaka minne na sita. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wakati huo bado inaendelea kukomaa. Kugeuza b ikawa d, au kuandika S ikitazama nyuma, ni jambo la kawaida hadi kama miaka saba. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, akikazaniwa kujaza ukurasa mzima wa sentensi, zungumza na mwalimu wake kwa upole. Anachohitaji kwa sasa ni udongo, chaki na michezo.

2. Mpe majaribio manne mafupi nyumbani.
Chagua maneno matano anayoyajua. Kwanza, ayanakili kutoka kwenye kitabu kilicho mbele yake. Pili, siku nyingine, yaandike kwa herufi za ukubwa wa zile za ubaoni, bandika karatasi ukutani, naye akae mlangoni ayanakili kutoka huko. Tatu, msomee imla. Nne, weka penseli kando na umwambie akusimulie chochote alichokiona leo.

Sasa linganisha. Akinakili vizuri cha karibu na kuvurunda cha ukutani, shuku macho kwanza, kisha uwezo wake wa kushika neno akilini anapoinamisha kichwa kurudi daftarini. Akinakili vizuri kote lakini imla ikamshinda, huenda tatizo liko kwenye kuunganisha sauti na herufi, na hapo umsikilize pia anavyosoma. Vyote vikiwa vibovu, cha karibu na cha mbali, elekea kwenye mkono na vidole. Lile la nne ndilo ninalolithamini zaidi. Mtoto anayekusimulia mechi ya mpira ya Gor na AFC tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akaandika mistari miwili tu, fikra anazo tele. Njia ya kuzifikisha kwenye karatasi ndiyo iliyoziba.

Haya hayachukui nafasi ya mtaalamu, lakini yatakusaidia kujua umwulize nini.

3. Mtazame akiwa anaandika.
Daftari lililokwisha kuandikwa huficha mengi. Kaa kando yake, kimya, uangalie vidole. Je, ncha zake zimekuwa nyeupe kwa kubana? Geuza karatasi uipapase kwa nyuma: ukihisi herufi zimejichimba, anakandamiza mno, na ndiyo maana ncha ya penseli inavunjika kila mara. Angalia pia anaanzia wapi. Watoto wengine huchora "a" kutoka juu mara hii, kutoka chini mara ijayo, na mara ya tatu wanachora duara kisha wanabandika mkia. Herufi ya namna hiyo haijazoeleka mkononi, kwa hiyo kila inapokuja mtoto anaiwazia upya. Akili inayoshughulika na umbo la "a" haina nafasi ya kukumbuka tahajia, nukta, wala alichotaka kusema.

Na kama mstari wa kwanza ni mzuri halafu wa nne unaporomoka, mkono umechoka. Mpumzishe.

4. Mkono wa kushoto uache ulivyo.
Takriban mtu mmoja katika kila kumi hutumia kushoto. Najua nyumba nyingi bado humpiga mtoto kofi kwa kula au kusalimia kwa mkono huo, na heshima ya mezani mnaweza kuipanga wenyewe. Kuandika ni habari nyingine. Ukimhamisha kulia kwa nguvu unamnyima mkono anaoumudu, na mwandiko huharibika. Inamisha karatasi yake kuelekea kulia, ashike penseli juu kidogo ili aone anachoandika, na umwombe mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na mwenzake.

5. Tumia kazi za sokoni.
Vidole hupata nguvu kabla ya penseli. Kupasua maganda ya minji, kuchambua maharagwe, kukanda unga wa chapati, kukamua nguo zilizoloa, kubana vibanio kwenye kamba: hayo yote ni mazoezi ambayo wataalamu wa tiba ya shughuli huyatoa, na Muthurwa yako mlangoni bila ada. Mruhusu acheze bano, yaani gololi, pia. Kuifyatua kwa gumba na kidole cha shahada kunahitaji vidole vile vile vinavyoongoza penseli. Awe wa kiume au wa kike, acheze.

6. Mtafutie mahali pa kuandikia.
Nyumba nyingi za hapa zilijengwa kwa wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kimoja, na meza ni anasa. Stuli iwe meza, kreti ya soda iliyopinduliwa iwe kiti. La muhimu nyayo ziguse kitu kigumu na daftari liwe usawa wa viwiko. Kitandani bega halina pa kujiegemeza.

7. Dakika kumi, herufi chache.
Adhabu ya "andika mara mia" humfundisha mtoto kuchukia penseli na kurudia kosa lile lile mara mia. Fundisha herufi zinazoanza kwa mwendo mmoja: c, o, a, d, g. Kesho l, i, t. Zichoreni kubwa kwa chaki sakafuni, mkono mzima ukizunguka kutoka begani, kisha ndogo daftarini.

Usimpe simu badala ya kalamu akiwa bado mdogo. Mwaka 2012 mtafiti Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Sehemu zinazotumika kusoma ziliamka pale watoto walipotazama herufi walizokuwa wameziandika kwa mkono wao. Kwa herufi walizozibonyeza tu kwenye kibodi, haikuwa hivyo.

8. Jua wakati wa kutafuta msaada.
Kama amepita miaka minane, amefanya mazoezi kwa miezi na hakuna kinachobadilika, huenda ana disgrafia (ugumu wa kuandika), disleksia (ugumu wa kusoma), au ule udhaifu wa kuratibu viungo uitwao dispraksia, unaowapata watoto watano hivi katika kila 100. Mtoto mwenye dispraksia utamjua pia kwa vifungo vya shati, kamba za viatu na mpira unaompita. Hakuna hata moja kati ya haya linalomaanisha ana akili pungufu, na hakuna linalotibiwa kwa kiboko, ambacho Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza shuleni. Mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwenye EARC, vituo vya serikali vya kutathmini watoto vilivyoanza mwaka 1984. KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, pia hufanya tathmini.

9. Mwandiko uliobadilika ghafla ni wa kupelekwa hospitalini.
Mtoto aliyekuwa akiandika vizuri kisha mkono ukalegea au ukaanza kutetemeka asisubiri muhula uishe. Na babu ambaye herufi zake zinazidi kuwa ndogo kadiri mstari unavyosonga naye apelekwe: ni mojawapo ya dalili za mapema za ugonjwa wa Parkinson.

10. Usitupe madaftari ya zamani.
Andika tarehe kwenye jalada, uyafunge pamoja, uyabebe siku ya tathmini. Ripoti ikitoka, peleka nakala shuleni mapema, kwa sababu KNEC, baraza la mitihani la taifa, huruhusu muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum pale tu shule inapoomba kabla. Ukingoja hadi wiki ya mtihani, umechelewa.