TUTAYARISHE UBAO MBELE YA KUUANDIKA

Wanafunzi wenzetu, siku hizi vibao vya milango na vya zawadi vinaandikwa kwa leza. Leza ni mashini yenye mwali mwembamba wa mwanga unaounguza mbao. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Ile ya gesi ya kaboni, inayofaa sana kwa mbao, ilifuata mwaka 1964. Lakini tuseme wazi: mashini haisahihishi ubao. Inaandika juu ya kile inakuta.

1. UKAUKE. Ubao ukiwa mubichi, nguvu ya mwali inapotea kwa kuchemsha maji, na herufi zinatoka hafifu. Kiisha ubao unajipinda. Huku kwetu Miti mvua ni mingi. Basi tupange mbao chini ya paa, na vijiti katikati ili upepo upite. Tusihesabu siku tu. Tupime ubao kwa mizani kila juma: uzito ukiacha kupunguka, ubao umekauka.

2. UNYOOKE. Mwali unakaza kwa kimo kimoja tu. Ubao ukiwa na vilima na mabonde, herufi moja itakuwa kali, ingine pana na hafifu. Tupige randa, halafu tusimamishe rula juu ya ubao mbele ya dirisha. Mwanga ukipita chini ya rula, kazi bado.

3. USUGULIWE. Tuanze na msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, tukifuata nyuzi za mbao. Tupanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo: nyuzi zitasimama. Ukikauka, tusugue tena pole pole na 220. Vumbi lote liondoke, maana vumbi linaungua na kuacha madoa.

4. UKINGWE NA MOSHI. Tubandike utepe wa karatasi wenye gundi, tuutoe kiisha kazi. Plastiki ya PVC hapana! Moshi wake iko na sumu ya klorini.

Tujaribu kwanza kwa kipande cha ubao uleule. Katika paini, sehemu laini inaungua haraka kuliko sehemu ngumu, na mafundo yako na utomvu. Asiye na leza anaweza kuandika kwa chuma cha moto. Hatua za kukausha, kunyoosha na kusugua ni zilezile.

Kwa nini kujisumbua hivi? Karibu nasi iko mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Miti yake si ya kukatwa. Tunayo grevilea na mikaratusi tuliyopanda, nayo inataka miaka kabla ya kutoa mbao. Ubao mmoja ukiharibika kwa haraka ya siku moja, unadai mti mwingine wa miaka mingi.

MASWALI: (a) Kwa nini tunapima ubao kwa mizani? (b) Rula inatuonyesha nini? (c) Maji kidogo yanafanya nini kwa nyuzi za mbao?