SOMO LETU: MTOTO AKIPOTEA, NDURU IFIKE NG'AMBO

Sisi wa Karungu nduru tunaijua. Mtu akipiga nduru usiku hakuna anayeuliza kwanza ni ya nani. Unachukua tochi unatoka. Zamani mtoto akipotea ilikuwa hivyo hivyo: mama analia, boma zima linatoka, na kabla giza halijaingia kila njia ina mtu anayetafuta.

Shida ni kwamba nduru ina mwisho wake. Siku hizi mtoto anaweza kupakiwa kwenye bodaboda pale Sori, na kabla mama hajamaliza kuuliza majirani, tayari yuko ndani ya matatu ya kwenda Migori. Akipitishwa majini ni vigumu zaidi. Ukitoka Sori kwa mtumbwi wa injini ukielekea kusini, unapita Muhuru Bay, na mbele kidogo uko Tanzania. Kwenye maji hakuna geti. Na kule ng'ambo, upande wa Shirati, watu wanaongea Kijaluo kama sisi, kwa hiyo mtoto haonekani mgeni, wala yule aliye naye.

Basi swali la somo hili ni moja: nduru ya namna gani inaweza kumtangulia mtoto huyu?

Hebu tuangalie kwanza nchi nyingine. Tarehe 13 Januari 1996, katika mji wa Arlington, jimbo la Texas huko Marekani, msichana wa miaka 9 aitwaye Amber Hagerman alikamatwa akiendesha baiskeli, akatupwa ndani ya pikapu. Jirani mmoja aliona kwa macho yake akapigia polisi simu. Yaani habari ilikuwepo tangu mwanzo: gari la namna gani, rangi gani, mtu wa namna gani. Lakini haikuwafikia maelfu ya watu waliokuwa barabarani saa ile. Baada ya siku nne mwili wa Amber ulipatikana, na aliyemwua hajajulikana mpaka leo.

Mama mmoja wa maeneo hayo aliuliza redio swali ambalo hata mimi ningeuliza. Mbona dhoruba ikija mnakatiza vipindi na kututangazia, na mtoto akiibwa hamkatizi? Vituo vya redio vya huko vikakubaliana na polisi, na mpango ukapewa jina la Amber. Mwaka 1998, mtoto mchanga aliyechukuliwa na mtu aliyekuwa akimlea alipatikana baada ya dereva kusikia tangazo na kulitambua gari. Mwaka 2003 Marekani ilipitisha sheria ya kuunganisha mipango hiyo ya majimbo. Siku hizi tangazo linaingia hata kwenye simu ya mtu mfukoni, na watoto zaidi ya 1,000 wamepatikana kwa njia hiyo.

Lakini angalia jambo moja. Hawapigi tangazo hilo kwa kila mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Lazima polisi waamini kwamba mtoto amechukuliwa, kwamba yuko hatarini, na kwamba kuna maelezo ya kutosha kumsaidia mtu kumtambua. Nduru ikipigwa kila siku, watu wanageuka upande wa pili wanaendelea kulala. Sisi tunaharibu jambo hili kwa simu zetu: picha ya mtoto aliyepatikana miaka mitatu iliyopita bado inazungushwa kwenye vikundi, haina tarehe, haina mahali, na mwisho imeandikwa "tuma kwa watu kumi". Ya mtoto wa kweli ikija, nani ataisoma?

Sasa turudi Afrika Mashariki. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996, mwaka ule ule wa Amber, waasi wa LRA waliingia shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu wa mwalimu mkuu, hakusubiri. Kulipokucha aliondoka kwa miguu pamoja na mwalimu John Bosco Ocen, wakafuata nyayo porini mpaka wakawafikia waasi. Alirudi na wasichana 109. Waasi walikataa kuwaachilia 30, na wengi wao walivushwa mpaka wakapelekwa Sudan. Hapo ndipo kazi ilipogeuka kuwa ya miaka. Wazazi waliunda chama chao, wakabisha hodi kwa serikali na mashirika nchi baada ya nchi. Simwambii mtu yeyote akimbize wenye bunduki. Nataka tuone tofauti kati ya asubuhi ile ya kwanza na miaka iliyofuata.

Mtoto akishavuka mpaka, polisi wa Kenya wanaweza kupitia ofisi ya Interpol ya Nairobi kuomba ilani ya manjano, ambayo inapelekwa kwa polisi wa nchi wanachama kusaidia kumtafuta mtu aliyepotea. Ni chombo kizuri, na mzazi ana haki ya kukiulizia. Lakini kinapitia ofisi kadhaa. Mtumbwi haungoji ofisi.

Kwa hiyo saa za kwanza ni zetu wenyewe. Nenda polisi mara moja, uandikishe na upewe nambari ya OB. Wengi wanarudi nyumbani kwa sababu waliambiwa, au walisikia tu kwa watu, kwamba ni lazima zipite saa 24. Hakuna sheria kama hiyo. Ukiambiwa hivyo omba kwa heshima kumwona mkuu wa kituo, na umwarifu chifu. Piga pia 116, simu ya watoto, ambayo hailipiwi. Nambari hiyo iko Kenya, Tanzania na Uganda pia, ingawa ukipiga ukiwa Sori utapokelewa na watu wa Kenya. Ndugu yako aliye Shirati au Musoma naye apige ya huko.

Wakati huo huo mtu mwingine wa nyumbani aende ufuoni kwa BMU, na mwingine stegi. Watu wa BMU wanajua mtumbwi upi umetoka na umeelekea wapi, na wana simu za wenzao wa Muhuru Bay, Mfangano na Remba. Hiyo ndiyo redio yetu ya haraka. Kisha zije redio zenyewe za Kijaluo, kama Ramogi, Mayienga na Nam Lolwe, maana zinasikilizwa na wavuvi hata wakiwa majini.

Na useme nini? Hapa wengi tunashindwa. "Mtoto wa kiume, miaka saba, mweusi" haisaidii mtu. Sema alivaa nini leo, ana kovu wapi, ana pengo la jino au hana. Sema majina yake yote, kwa sababu shuleni anaitwa Kevin na nyumbani Omosh, na akiitwa kwa jina la shule huenda asiitike. Weka picha ya mwaka huu, si ya ubatizo.

Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulisema. Mara nyingi anayemchukua mtoto si mgeni. Ni shangazi aliyeahidi shule, au mtu wa kijijini anayetafuta "kijana wa kusaidia kisiwani". Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2010, kumchukua mtoto ili atumikishwe ni biashara ya binadamu, hata kama mzazi alikubali. Adhabu haipungui miaka 30 jela, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au zote mbili. Mzazi anaona haya kupiga nduru juu ya ndugu yake, na mtumbwi unazidi kwenda.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Ni nani katika kikundi chenu ana nambari ya simu ya BMU ya ufuo wenu, na ya mtu mmoja unayemwamini ng'ambo? Kila mzazi aeleze, bila kwenda nyumbani kuangalia, mtoto wake ametoka leo asubuhi amevaa nini. Na mtoto akipatikana, ni nani atakayewajulisha wote waliotumiwa picha yake waifute?