Kutafuta Ukoo wa Mskoti kwa Dini Yake

Mwaka jana sisi wa Chama cha Historia tulimchorea mwalimu wetu mmoja mstaafu mti wa ukoo wake. Tuliuandika kwa wino mweusi, naye akautia katika fremu na kuutundika sebuleni kwake. Baadaye iligunduliwa kwamba nusu ya mti ule ilikuwa ya watu wengine kabisa. Kosa lilikuwa langu, na ndilo linalonifanya nishike kalamu leo, ili wenzangu, pamoja na wazee waliosoma hapa zamani, wasije wakajikwaa mahali pale pale.

Habari yenyewe ni hii. Babu yake Mzee, yaani baba wa mama yake, alikuwa Mskoti, fundi wa meli za Ziwa Victoria, aliyezaliwa kwao mwaka 1875. Kumpata fundi huyo hakukuwa kazi ngumu, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 1855 serikali huko Uskoti huandikisha kila uzazi, kila ndoa na kila kifo. Hati yake ya kuzaliwa ilitaja baba, mama, jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa, na hata siku waliyooana wazazi wake, mwaka 1872. Kisha tukamtafuta baba wa fundi katika sensa ya mwaka 1881. Tukamwona: umri wake miaka 33, mahali alipozaliwa ni parokia moja ya Aberdeenshire. Basi tukahesabu nyuma hadi mwaka 1848, tukafungua katika intaneti picha za daftari la ubatizo la parokia ile, na jina lake tukalikuta. Tukashangilia, tukachora.

Haraka haraka haina baraka. Tulikuwa tumeruka hatua moja, maana hatukuisoma ile hati ya ndoa ya mwaka 1872. Tulipoisoma, miezi mitatu baadaye, tuliona imeandikwa kwamba ndoa ilifungwa baada ya kutangazwa, kwa taratibu za Kanisa Huru la Uskoti. Tena jina la mama wa bwana arusi halikuwa lile tulilolichora. Ikawa wazi kwamba walikuwako watu wawili wa parokia moja, wa jina moja na wa umri mmoja. Mmoja alibatizwa katika kanisa la parokia, na huyo ndiye tuliyemchukua. Wa kwetu tulimkuta katika daftari la Kanisa Huru, pamoja na majina ya baba na mama yake, sawasawa na hati ya ndoa.

Mtauliza, ilikuwaje parokia moja iwe na madaftari mawili? Hapo hapana budi tuitazame historia ya dini katika nchi ile.

Mwaka 1560 Waskoti waliacha kumtii Papa. Kwa muda mrefu walishindana kama Kanisa litawaliwe na maaskofu au na mabaraza ya wazee, na mwaka 1690 walioshinda ni watu wa mabaraza. Kanisa la Uskoti likawa ndilo kanisa la nchi, na madaftari yake ya parokia ndiyo hazina kubwa kupita zote ya habari za watu wa kabla ya mwaka 1855. Lakini si kila mtu aliandikwa humo. Sheria ya mwaka 1712 iliwapa wenye ardhi kubwa haki ya kumchagua mchungaji, na waumini wengi hawakuipenda. Mwaka 1733 wachungaji wachache, Ebenezer Erskine akiwa kiongozi wao, walijitenga. Mwaka 1761 wakajitenga wengine. Mtengano uliokuwa mkubwa kuliko yote ulitokea Edinburgh tarehe 18 Mei 1843, wachungaji zaidi ya 450 kati ya 1,200 hivi walipotoka, wakaacha mishahara na nyumba zao, wakaunda Kanisa Huru chini ya Thomas Chalmers. Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1848 aliyezaliwa na wazazi waliotoka hutafutwa kwanza katika daftari la Kanisa Huru.

Sasa niyataje mafunzo tuliyoyapata, moja moja.

Kwanza, anza na hati ya ndoa ya baada ya mwaka 1855. Humo huonyeshwa ndoa ilifungwa kwa taratibu za kanisa gani, na hiyo ndiyo alama iliyo rahisi kupatikana. Sensa za karne ya 19 hazisaidii hapo, kwa kuwa Mskoti hakuulizwa dini yake ndani yake.

Pili, usidhani kwamba asiyeonekana katika daftari la ubatizo la parokia alizaliwa nje ya ndoa, au kwamba hakuwako. Huenda alibatizwa kwingine. Tena, tangu mwaka 1783 hadi 1794 serikali ilitoza peni 3 kwa kila ubatizo ulioandikwa, na watu wengi maskini waliona heri mtoto abatizwe pasipo kuandikwa.

Tatu, wazazi waliojitenga waweza kuonekana katika daftari la ndoa la parokia, hata kama watoto wao hawamo katika lile la ubatizo. Sababu ni kwamba ndoa ilitangazwa katika kanisa la parokia, na hadi mwaka 1834 wachungaji wa makanisa yaliyojitenga hawakuwa na ruhusa ya sheria kufungisha ndoa.

Nne, dini huonyesha mahali, na mahali huonyesha dini. Ukoo wa Kikatoliki waweza kuwa wa visiwa vya Barra na South Uist, ambako imani ya zamani haikuzimika, au wa Waayalandi waliohamia Glasgow na miji mingine ya viwanda. Madaftari yao mengi yameandikwa kwa Kilatini, hivyo James huwa Jacobus. Yasome na majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi ni ndugu wa wazazi. Waliobaki na maaskofu walikuwa wengi upande wa kaskazini mashariki. Na Kanisa Huru lilishika sana katika nchi ya milima na kisiwa cha Lewis.

Tano, usiipime dini ya babu kwa dini ya mjukuu. Hapa Uganda sote twamjua Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878 akitumwa na CMS, chama cha Kianglikana. Mtu angeweza kudhani kwamba ukoo wake ulikuwa wa Kianglikana. Kumbe Mackay alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, katika Aberdeenshire, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru!

Jambo hili si geni kwetu. Ukitafuta ubatizo wa bibi yako, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: alikuwa wa Namirembe au wa Rubaga? Asiyejua hilo atapekua daftari lisilo lake, naye aweza kumkuta humo bibi wa watu wengine.

Kazi iliyonitia hofu ilikuwa kumwendea Mzee na kumwambia ukweli. Nilijua ya kuwa kijukuu wake alikwisha kubatizwa kwa jina la mtu tuliyemchora juu kabisa ya mti, mtu asiye na udugu naye hata kidogo. Nilimkuta amekaa barazani. Nilipokwisha kusema alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

“Na huyo wa kweli, mmemwona kwa macho yenu katika daftari?”

“Ndiyo, Mzee. Na jina la mama linalingana.”

“Basi, mwanangu, mtoto habatizwi mara ya pili. Atabaki na jina lake, nasi tutamweleza alivyolipata. Lakini wewe nenda ukaandike mlivyokosea, wenzako wasome.”

Akauteremsha mti ule ukutani kwa mikono yake, akanipa. Mti mpya tulimpelekea baada ya majuma mawili. Safari hii, kando ya kila jina, tumeandika kwa herufi ndogo daftari tulilolikuta humo, na ni la kanisa gani.